Kusini mwa Kijito cha Plum

Ndoano ya nne ilikataa kushika. Mwatime alipiga magoti kwenye sakafu ya gari, akauvuta mkanda wa kufungia kiti cha magurudumu, akaisukuma tena ndoano kwenye reli yake mpaka ikalia. Akakitikisa kiti kwa mikono miwili. Hakikucheza.

"Umenifunga kama robota la pamba," Bi Odessa alisema.

"Barabara zenu ndizo zinazotaka hivyo."

Ilikuwa saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, Jumatatu, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi jeupe la chokaa uani kwa Bi Odessa Tolliver. Bibi huyu alikuwa na miaka themanini na minne. Figo zake zilikuwa zimechoka, na mara tatu kwa wiki Mwatime alitoka Arlington alfajiri, akaendesha saa moja na nusu hadi Kaunti ya Burdine, akamchukua na kumpeleka Fort Worth kusafishwa damu kwa mashine. Mashine yake ilikuwa saa nne na nusu. Mgonjwa akichelewa zaidi ya robo saa, kiti chake alipewa mwingine.

Lakini leo Bi Odessa alikuwa amevaa kofia ya kanisani, ya zambarau, yenye ua la kitambaa ubavuni.

"Kofia ya nini kwenye mashine?" Mwatime aliuliza.

"Tunapita kwanza jengo la kaunti. Ndiyo maana nilikuomba uje mapema." Bibi alitoa karatasi mkobani. "Soma."

Ilikuwa tangazo la mkutano wa makamishna, saa mbili na nusu. Kampuni moja ya kokoto iliomba kibali cha kuchimba ekari tisini kusini mwa Kijito cha Plum. Chini ya maneno kulikuwa na ramani ya rangi, safi, yenye alama ndogo ya msalaba upande wa kaskazini mwa kijito: Makaburi ya Kona ya Tolliver. Na pembeni kabisa, kwa herufi ndogo: Imechorwa na Ubeid Ngwali, Ofisi ya Ramani na Historia, Kaunti ya Burdine.

Mwatime aliliangalia jina lile kama mtu anayeangalia nguo yake imevaliwa na mwingine.

"Ni kijana wenu huyu, sivyo?" alisema Bi Odessa. "Amewaweka wazee wangu upande usio wao. Wako kusini. Wewe unajua, nilikuonyesha."

"Najua," alisema Mwatime, na akaenda kufunga mlango wa nyuma upesi, ili uso wake usionekane.

Burdine ilikuwa kaunti ndogo, watu elfu sita na ng'ombe mara nne yao. Ilipewa jina la wakili mmoja ambaye hakuwahi kuikanyaga. Mashariki kulikuwa na udongo mweusi mzito uliolimwa pamba. Magharibi, mawe ya chokaa na miti ya mesquite yenye miiba mirefu kama sindano za kushonea magunia. Katikati kilipita Kijito cha Plum juu ya mchanga na kokoto, ardhi isiyootesha kitu. Huko ndiko walikokwenda Weusi walioachwa huru baada ya utumwa, kwa sababu hakuna aliyekuja kuwafukuza kwenye kokoto. Walinunua, wakajenga kanisa, shule ya chumba kimoja, na wakazika watu wao chini ya mawe yasiyo na maandishi. Jengo la kaunti liliungua mara mbili pamoja na vitabu vya ardhi. Kila mara, alisema Bi Odessa, kurasa zilizopotea zilikuwa zile zenye majina yao. Kisha ukaja ukame wa miaka saba, na baada ya ukame mafuriko ya mwaka hamsini na saba, yaliyoichukua shule na kukihamisha kijito chenyewe. Maji yalivunja ukingo juu ya kanisa yakajichimbia njia mpya, mita mia mbili kaskazini. Makaburi yaliyokuwa kaskazini mwa kijito yaliamka siku ya pili yakiwa kusini.

Hayo yote Mwatime aliyajua kwa miaka sita ya kusikiliza huku akiendesha. Kabla ya Amerika alikuwa mwalimu. Miaka tisa alifundisha jiografia na historia katika shule ya msingi huko Msambweni, na mazoea yalimkaa: akirudi nyumbani aliandika katika daftari alichoambiwa, akachora mito na mipaka kwa penseli. Vyeti vyake vya ualimu vilikuwa katika bahasha ya kaki juu ya kabati, kwa sababu kila ofisi aliyoipelekea ilimwambia vitathminiwe na ofisi nyingine.

Ubeid alikuwa dereva mwenzake. Kijana wa Unguja, mpole, mwenye sauti ya chini, akiendesha siku tatu na kusoma siku mbili katika chuo cha jamii. Mwaka juzi, mwezi wa Ramadhani, walikuwa wakisubiri magharibi pamoja kwenye maegesho ya magari ya kampuni, na yeye ndiye aliyeanza: "Bi Mwatime, hebu nielezee kule Burdine. Nina kazi ya ramani darasani." Akamweleza. Siku ishirini na nane alimweleza, tende mkononi, daftari mapajani. Alifurahi mno. Tangu atoke Msambweni hakuwa amepata mwanafunzi.

Kisha, siku moja, Mwatime akaona tangazo la kazi limebandikwa katika jengo la kaunti: msaidizi wa ramani na historia, kwa ajili ya maadhimisho ya miaka mia na hamsini ya kaunti. Alilipiga picha akamwonyesha Ubeid ili amsaidie kujaza fomu mtandaoni. Ubeid alimsaidia, hilo Mwatime hakulikana hata moyoni. Fomu yake ilirudishwa baada ya dakika nne tu: vyeti havikutambulika. Wiki iliyofuata Ubeid akamwambia, akitazama viatu vyake, kwamba na yeye aliomba. Na amepata.

Tangu hapo kitu kilimkaa Mwatime kifuani na hakikutoka. Alimwonea wivu kwa mambo makubwa na madogo. Alimwonea wivu kiti chake chenye kuzunguka, kikombe chake, kitambulisho cha kaunti alichokivaa shingoni. Alimwonea wivu kwa kwenda haja wakati anaotaka. Kijitabu cha maadhimisho kilipotoka, alikisoma ukurasa kwa ukurasa ndani ya gari akasikia sauti yake mwenyewe imetafsiriwa. Mwishoni waliandika shukrani kwa "wazee na madereva wa eneo hili." Madereva. Usiku ule hata mumewe alipomuuliza ana nini alishindwa kusema, maana angesema nini? Kwamba ana miaka arobaini na sita na anamhusudu mtoto wa watu?

Na lilikuwapo jambo moja zaidi, ambalo hakumwambia mtu. Miezi minne iliyopita Ubeid alimletea ile ramani kabla haijapitishwa. "Iangalie, Bi Mwatime. Wewe ndiwe unayeijua." Aliuona msalaba pale pale. Uliwekwa kwa mujibu wa hati za zamani zilizosema kaskazini mwa kijito. Kijana hakujua kwamba kijito kilihama. Mwatime alikuwa na neno mdomoni. Akalitazama shati la kijana lililopigwa pasi, akamrudishia karatasi.

"Iko sawa," alimwambia.

Alitaka aaibike kidogo. Mzungu fulani amcheke mbele ya watu, basi. Hakufikiria mashine za kuchimba.

Jengo la kaunti lilikuwa la mawe ya njano, lenye mteremko wa viti vya magurudumu upande wa nyuma, karibu na mapipa ya taka. Tableti kwenye dashibodi ililia kabla hajazima gari. Alikuwa Parfait, mpanga safari wa kampuni, Mkongo wa Bukavu.

"Maman Mwatime, niko naona gari yako inasimama. Kuko nini?"

"Mgonjwa ana shughuli ya dakika ishirini."

"Shughuli haiko kwa programu. Maman, uko na onyo mbili tayari. Ya tatu, patron, mkubwa yetu, hanisikilize tena."

"Najua, Parfait."

"Mi naandika mgonjwa iko kwa choo, toilette. Dakika kumi na tano."

Nje ya ukumbi alikaa karani, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo. Mbele yake kulikuwa na rundo la kadi za wanaotaka kuzungumza.

"Nataka kadi," alisema Bi Odessa.

"Kadi zimefungwa saa mbili kamili, mama."

Saa ya ukutani ilionyesha saa mbili na dakika ishirini.

"Tangazo halikusema saa mbili," alisema Mwatime.

"Limeandikwa kwenye tovuti. Na wewe ni mkazi wa Burdine?"

"Naishi Arlington."

"Basi hata ungewahi usingepata. Wakazi na wenye ardhi tu." Karani hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayesoma bei ya mkate. "Mnaweza kukaa nyuma msikilize."

Hapo Ubeid akatoka katika mlango wa pembeni, kompyuta kwapani, tai ya buluu shingoni. Alipowaona uso wake ukafunguka.

"Bi Mwatime! Shikamoo. Mbona huku leo?"

"Marahaba." Tai ile ilimchoma. Nani alimfundisha kufunga fundo zuri hivyo? "Njoo kidogo."

Walisimama kando ya mashine ya maji. Mwatime aliikunjua karatasi ya tangazo juu yake, akaweka kidole kwenye msalaba wa ramani.

"Hapa si mahali pake. Kijito kilihama mwaka hamsini na saba. Makaburi yako kusini. Yako humu, ndani ya hizi ekari tisini."

Ubeid alitazama kidole, kisha uso. "Lakini hati zote…"

"Hati ni za kabla ya mafuriko."

"Mbona nilikuletea uiangalie? Ukaniambia iko sawa."

Mwatime angeweza kusema hakuona vizuri, hakuwa na miwani. Uongo ulikuwa karibu na rahisi.

"Niliona," alisema. "Nilikuonea wivu, Ubeid. Nikanyamaza."

Mashine ya maji iliunguruma. Bi Odessa, mita mbili nyuma yao, hakujua Kiswahili hata neno moja, lakini alikuwa ameinamisha kofia yake kama mtu anayefahamu kila kitu.

"Niko kwenye majaribio, Bi Mwatime," Ubeid alisema hatimaye, kwa sauti ndogo sana. "Miezi sita. Bado wiki tatu. Mimi ndiye niliyetia sahihi kwamba eneo halina kitu. Unataka nikasimame mle niseme nilikosea?"

"Sina kadi. Bibi hana kadi. Wewe umo kwenye ajenda."

"Wallahi umenimaliza."

Akaingia ndani bila kuaga.

Ukumbi ulikuwa na watu kama thelathini. Mbele walikaa makamishna wanne, na katikati jaji wa kaunti, mwenyekiti wao, mzee mwenye uso mwekundu wa jua na shati jeupe. Mwanasheria wa kokoto alionyesha picha za malori na za barabara za juu zinazojengwa Dallas. Kila kitu kule, alisema, kinahitaji kokoto: nyumba, shule, hospitali. Mwatime alifikiria ngazi za zege za nyumba yake ya kupanga. Pengine zilitoka mto kama huu.

"Bwana Ngwali atathibitisha upande wa historia," alisema jaji, akitamka jina vibaya.

Ubeid alisimama. Ramani ilikuwa ukutani nyuma yake, kubwa kama pazia. Mwatime aligundua kwamba sehemu moja yake, hata sasa, ilikuwa ikingoja ashindwe.

"Mheshimiwa, ramani yangu ina kosa," alisema Ubeid. "Makaburi yako upande wa kusini. Yako ndani ya eneo la kibali. Nimepata habari kutoka kwa watu wanaolijua eneo. Mmoja wao yupo hapa, Bibi Tolliver. Naomba asikilizwe."

Minong'ono ikapita kiti hata kiti. Jaji alivua miwani.

"Bibi ana kadi?"

"Hana, Mheshimiwa," alisema karani kutoka mlangoni.

"Nina babu mzaa baba," Bi Odessa alisema kwa sauti kutoka nyuma, bila kuruhusiwa. "Nina bibi, na mashangazi watatu, na kaka yangu wa siku nane. Wote wako pale. Nilishika taa wakati wa kumzika kaka."

Jaji aliinamisha kichwa kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mtu mlangoni.

"Pole sana, mama. Lakini utaratibu ndio unaotulinda sote. Marekebisho ya ramani yanapokelewa kwa maandishi, na sahihi ya mpima ardhi mwenye leseni, ndani ya siku thelathini. Hayazuii kura."

Walipiga kura. Wanne walikubali, mmoja alikataa. Kibali kitaanza kazi Alhamisi.

Nje, kwenye mteremko, Ubeid aliwafuata akikimbia. Tai ilikuwa imelegea. Alipiga goti mbele ya kiti cha Bi Odessa akamwomba radhi, na bibi akampapasa shavu kwa kiganja chake kikavu, akamwita mwanangu. Mwatime aliyatazama hayo na wivu ukapanda tena, ule ule, kama kiungulia. Miaka sita alikuwa amemfunga bibi huyu mikanda, akimfunika miguu baridi ikizidi, na hakuwahi kuitwa mwanangu. Kijana amesema maneno mawili ndani ya ukumbi!

"Kuna fomu nyingine," Ubeid alimwambia, bado akihema. "Notisi ya kuwepo makaburi. Inawekwa kwa karani na yeyote yule anayeileta, si lazima awe mkazi. Ikishaandikishwa, anayechimba juu ya kaburi lililotajwa anavunja sheria. Lakini inataka vipimo vya kila kaburi, moja moja. Na mimi sithubutu kuondoka, jaji ameniita ofisini."

"Amekuita kufanya nini?"

"Wewe unadhani nini?"

Alirudi ndani. Mwatime alifunga ndoano nne. Ilikuwa saa tatu na dakika tano.

"Kijito kiko njiani," alisema Bi Odessa.

"Tutachelewa mashine yako."

"Mashine yangu naijua mimi. Endesha."

Barabara ya vumbi iliishia kwenye lango la waya. Mwatime alisimamisha gari chini ya mti wa mesquite, akafungua mlango wa ubavuni ili bibi aone. Palikuwa na nyasi kavu mpaka magotini, na katikati ya nyasi mawe, yamepandwa wima kwa safu, makubwa ya watu wazima na madogo ya watoto. Maji ya kijito yalisikika mbali, kaskazini, bila kuonekana. Vijiti vipya vyenye utepe wa waridi vilikuwa vimechomekwa na wapimaji wa kampuni kati ya mawe, kimoja karibu kabisa na jiwe dogo.

Alimpigia Ubeid.

"Bado nina kazi," Ubeid alisema, "mpaka saa sita. Wamenipa muda nikusanye vitu vyangu."

Mwatime alikuwa amekitaka hiki kwa muda mrefu, na sasa kimekuja hakikuwa na utamu wowote.

"Kompyuta unayo bado?"

"Ninayo."

"Basi andika. Nimesimama kwenye jiwe la kwanza. Nakutumia mahali nilipo."

Ikasikika sauti ya vidole kwenye kompyuta. "Imefika. Jina?"

"Elijah Tolliver," Bi Odessa alipaza sauti kutoka garini. "Babu yangu!"

Mwatime akasogea jiwe la pili, la tatu. Bibi alitaja, yeye akasimama, Ubeid akaandika. Walipofika jiwe la tisa alisimama.

"Ubeid. Hiyo notisi mnaandika nani kaleta habari?"

"Kuna sehemu yake."

"Nani umemweka?"

"Bado tupu."

"Mtangulize Bibi. Kisha uniweke mimi. Mwatime binti Juma, mwalimu. Andika sasa hivi, nikisikia."

Alimsikia akiandika, herufi kwa herufi, akizitamka.

"Na wewe jiandike," alisema baada ya kitambo. Ilimtoka kwa shida, kama kutoa mwiba. "Ramani ni yako."

Simu ikakatiza kwa mlio mwingine. Parfait. Mwatime alimuunganisha.

"Maman, sasa uko porini kabisa. Patron ameona mwenyewe. Anasema ushushe mgonjwa Fort Worth, kisha ulete gari na ufunguo. Nasikitika, Maman. Niliandika toilette mara mbili."

"Asante, Parfait. Wapigie wa mashine, uwaambie Bi Odessa anakuja, tutachelewa. Waambie kosa ni langu."

"Saa ngapi utafika?"

Mwatime alizitazama safu. Yalibaki mawe hamsini na mawili. Aling'oa kijiti chenye utepe kilichokuwa karibu na jiwe dogo, akakitupa nje ya waya, akasimama pale kilipokuwa, miguu imekanyaga kokoto imara.

"Huyu ni nani, Bi Odessa?" aliuliza.

"Kaka yangu," alisema bibi. "Hakuwahi kupewa jina. Mwandike hivyo hivyo."